Watu wa Kiroba: Maneno juu ya Waokotao Vilivyotupwa, Handeni na Korogwe



Katika siku za jubilei husemwa mengi juu ya majengo na juu ya watu waliotangulia, na ni haki yasemwe. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya watu ambao hawakujenga nyumba ya mawe wala hawakuandikwa katika kitabu chochote, nao twapishana nao kila siku katika njia za Korogwe na Handeni. Ni wale wachukuao kiroba begani na fimbo yenye ncha mkononi, watembeao asubuhi kabla jua halijawa kali, wakiinama na kuinuka, wakiinama na kuinuka. Huokota chupa za maji, makopo, vipande vya chuma, masufuria yaliyotoboka, madumu yaliyopasuka. Mjini huitwa waokota chupa, au watu wa skrepa. Na midomo isiyo na adabu huwaita machokoraa. Twaomba mtusikilize kwa subira, maana huenda wengine wakaona ya kuwa taka si jambo la kuzungumzwa siku ya sikukuu.

Kwanza na tulitazame debe. Zamani mafuta ya taa yaliletwa nchi hizi katika mikebe mikubwa ya bati yenye pande nne, miwili miwili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, kazi ya mkebe ilikuwa imekwisha kwa yule aliyeuleta kutoka ng'ambo. Kwetu ndiyo kwanza ilianza. Watu waliuchukua, wakautia mpini wa mti, wakatekea maji. Wakapimia mahindi na mtama na maharagwe. Ulipoliwa na kutu chini, mafundi waliukata wakaukunjua, wakaezekea paa na kufanyia milango. Na vipande vilivyobaki vikawa koroboi. Watoto wangapi wa nchi hii walijifunza herufi zao kwa mwanga wa bati lililookotwa? Hata leo mkulima wa Handeni ukimwuliza amevuna kiasi gani, hujibu kwa madebe, wala hakumbuki ya kuwa kipimo chake kilianza kama kitu kilichotupwa.

Baada ya debe likaja dumu. Ndugu zetu wa Handeni hawana haja ya kuelezwa habari za dumu. Katika wilaya ile, ambayo maji ni shida ya miaka na miaka, dumu la manjano la lita 20 limekuwa kama sehemu ya kichwa cha mwanamke na ya mgongo wa punda. Walakini dumu halikutengenezwa kwa ajili ya maji. Lilikuja na mafuta ya kupikia. Mafuta yalipokwisha likauzwa, likasuguliwa kwa mchanga na majivu, likaingia katika kazi yake ya pili, ambayo ni ndefu kuliko ya kwanza. Likitoboka huzibwa kwa kipande cha plastiki kilichoyeyushwa kwa kisu cha moto. Likipasuka lisizibike, hukatwa likawa chombo cha kunyweshea kuku, au kitalu cha miche ya michungwa. Na likishindikana kabisa, mwokotaji hulichukua, likapimwa kwa kilo, likaenda zake mjini kuyeyushwa. Basi mtu akituuliza ni nani aliyewafundisha watu wetu kutumia kitu mara ya pili na ya tatu, tutamjibu ya kuwa hakuja mwalimu. Shida ndiyo iliyofundisha, na wanafunzi walikuwa wazuri.

Korogwe nako kuna habari yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani. Miche 1,000 ilitoka Florida, Marekani, nayo iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo 62 yalitoka mashamba yote tuliyoyaona, safu kwa safu, hata macho yakachoka. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na watu wakaja kutoka kila upande kukata mkonge, hata mnamo mwaka 1964 nchi yetu ikatoa zaidi ya tani 200,000 za katani, kuliko nchi yoyote. Kisha kamba za plastiki zikaenea duniani na bei ya katani ikaanguka. Zilikuwapo sababu nyingine pia, wala hatuzifichi, lakini hiyo ilikuwa kubwa. Mashamba mengine yakarudi kuwa pori. Basi tazameni mambo yalivyogeuka: plastiki ile iliyowaondolea baba zetu kazi ndiyo ndugu yake hii ilalayo leo katika mitaro ya mji, na mjukuu wa mkata mkonge huinama kuiokota apate unga wa jioni.

Tungali hapo penye mkonge. Katika jani lake, uzi ni kama sehemu 4 tu katika 100. Sehemu zilizobaki zilikuwa zikitupwa, na maji yake makali yakiingia mitoni. Pale Hale, wilaya ya Korogwe, ulijengwa katika miaka ya 2000 mtambo wa kuozesha makapi hayo, ukatoa gesi ya kuendeshea mashine ya umeme, nao ukajulikana kuwa wa kwanza wa namna yake ulimwenguni. Ulisifiwa, na ulistahili kusifiwa. Nasi twauliza: mbona kazi ile ile ikifanywa na mtambo huitwa maendeleo, na ikifanywa na mama mwenye kiroba huitwa umaskini?

Sasa twende barabarani. Mabasi ya Moshi na Arusha husimama Korogwe, abiria wakala, wakanywa, wakaondoka. Mengine yapitayo njia ya Chalinze hukatiza Mkata na Kabuku katika wilaya ya Handeni kabla ya kufika Segera. Njia yote hiyo chupa hurushwa dirishani kama maganda ya machungwa. Mwenye umri wetu hukumbuka wakati soda ilipouzwa katika chupa ya kioo tu. Mtu aliyetaka kuondoka na chupa aliacha fedha dukani mpaka airudishe. Ulipata kuona chupa ya soda ya kioo imelala njiani siku mbili? Hata mtoto mdogo aliiokota na kukimbia nayo dukani. Chupa ile haikutupwa kwa sababu ilikuwa na deni. Chupa ya plastiki ilipokuja haikuwa na deni la mtu yeyote, kwa hiyo ikawa ya kutupwa. Afanyalo mwokotaji ni kuirudishia bei iliyonyimwa tangu kiwandani. Hakuna sheria iliyomtuma, wala mshahara alipwao. Hulipwa kwa uzito wa alichokileta, na siku ya mvua halipwi kitu.

Mkitaka kujua thamani yake, tazameni mahali asipokuwapo. Mfuko mwepesi wa plastiki haukupata mwokotaji, maana hata ukijaza kiroba chake haukuvuta mzani. Ukajaa vichakani, ukaziba mitaro, ng'ombe wakaula, ukawafunga matumbo. Mwisho Serikali ililazimika kuupiga marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019. Vivyo hivyo zile pakiti ndogo za pombe kali, zilizoitwa viroba kwa jina lisilo lake, zilipigwa marufuku tangu Machi 2017. Nazo hazikuwa na mtu wa kuziokota. Lakini chupa ya maji, ambayo huuzwa nyingi kupita kiasi, hupungua njiani pasipo askari hata mmoja, kwa sababu ya mama yule na kiroba chake.

Na isipookotwa huenda wapi? Mvua za masika huisukuma mtaroni, mtaro huisukuma mtoni. Mto wetu wa Pangani upitao Korogwe huteremka Hale, palipo mitambo ya umeme tangu mwaka 1964, ukafika maporomoko ya Pangani, palipojengwa mitambo mingine iliyoanza kazi mwaka 1995, kisha huingia baharini. Basi chupa iliyotupwa penye stendi yaweza kufika mbele ya wavuvi wa Pangani. Isiyofika mtoni hubaki imejaa maji ya mvua nyuma ya nyumba. Mwaka 2019 homa ya dengue iliwapata watu wengi Dar es Salaam na Tanga. Mbu wa homa ile hapendi dimbwi la matope. Hupenda maji yaliyotuama katika kopo, katika tairi, katika kifuu cha nazi. Kwa hiyo aokotaye makopo huondoa vitanda vya mbu, ijapokuwa hakuna kitabu cha hospitali kiandikacho ya kuwa ameponya mtu.

Watu hudhani ya kuwa kuokota hakuhitaji akili. Na waje wakae nusu saa penye mzani. Mwokotaji ajuaye kazi hujua ya kuwa chupa ya maji na kifuniko chake si kitu kimoja. Mkivikata-kata na kuvitia katika ndoo ya maji, vipande vya chupa huzama, na vipande vya kifuniko huelea. Kiwandani nako hutenganishwa kwa njia hiyo hiyo, ila ndoo yao ni kubwa. Plastiki ya dumu huijua kwa kuipinda na kwa sauti yake ikigongwa. Kwa vyuma huwa na sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Kinachonaswa ni chuma. Kisichonaswa hukiparuza kwa msumari: kiking'aa cheupe na kuwa chepesi mkononi ni aluminiamu, kiking'aa chekundu ni shaba, kikiwa cha manjano ni shaba iliyochanganywa. Haya yote huyafanya kwa haraka kuliko sisi tunavyoyasema. Walimu wa sayansi, hapa mnalo somo lisilohitaji kununuliwa vyombo. Ndoo moja, chupa moja na sumaku moja zatosha, na mwenye kulifundisha vizuri kuliko ninyi labda amepita nje ya dirisha la darasa asubuhi hii.

Tena maarifa haya yana faida kubwa kuliko fedha ipatikanayo mkononi mwake. Kuyeyusha aluminiamu iliyokwisha kutumika huhitaji nguvu kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu itakiwayo kuitoa katika udongo wake. Viwanda vya nondo huyeyusha vyuma vikuukuu, kwa hiyo yawezekana nondo iliyo ndani ya nguzo za kanisa jipya ilikuwa zamani jembe au bawaba ya mlango. Wahunzi wetu hawajaacha kufua mapanga na mashoka kwa springi za magari, na makatambuga yavaliwayo na wafugaji hukatwa katika matairi. Mafundi wengine humimina aluminiamu katika kalibu za mchanga, yakatoka masufuria makubwa ya kupikia harusi na matanga. Juu ya hayo masufuria twatoa neno moja la tahadhari: asiyechagua vizuri, akachanganya vipande vyenye risasi, hupeleka sumu jikoni. Ndiyo sababu tunasema kuchagua ni elimu, wala si mchezo.

Sasa lawama. Hatutazipitia mbali, maana wengi wenu mnazo vinywani. Yasemwa ya kuwa watu hawa ni wezi: wamechukua vifuniko vya mitaro, alama za barabarani, vyuma vya madaraja, vifungo vya reli, nyaya. Wizi huo upo, nao waweza kuua watu, na mwizi na ashtakiwe. Lakini na tufikiri kama watu wazima. Kipande cha reli hakiingii kirobani. Alama ya barabarani haing'olewi na bibi wa miaka 60 mchana kweupe. Vitu hivyo huhitaji msumeno, na gari, na usiku, na zaidi ya yote huhitaji mnunuzi asiyeuliza. Kanuni za nchi zataka mwenye kufanya biashara ya vyuma chakavu awe na kibali. Basi penye mzani wa mnunuzi ndipo mahali pa kusimama yule mwenye kutaka kuzuia wizi, wala si kumfukuza kila mwenye fimbo na kiroba. Wahenga walisema ya kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nasi kwa kuchukia taka tumemtupa na yule azichukuaye.

Juu ya mzani wenyewe, hapo tuna neno. Mwokotaji hukusanya siku nne, tano, kisha hupeleka mzigo kwa mnunuzi ambaye ametundika mzani wa ndoano katika mwembe. Nani ameujaribu mzani ule? Muuza nyama sokoni hutakiwa mzani wake uwe umekaguliwa na kupigwa muhuri, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Mzani wa chupa na wa chuma nao ni mzani wa biashara kama mwingine wowote. Tumewasikia wakisema, bila hasira, ya kuwa mzigo uliokuwa na uzito huu nyumbani hupungua njiani. Bila hasira! Ndivyo anavyosema mtu aliyezoea kupunjwa. Viongozi wa vijiji na mitaa waliopo hapa wanaweza kumwita mkaguzi. Haihitaji sheria mpya wala msaada wa ng'ambo.

Na bei nayo hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mwokotaji wa Kwamsisi au wa Mombo hawezi kuziona. Plastiki mpya hutokana na mafuta ya petroli. Mafuta yakiwa rahisi, viwanda huona afadhali kununua mpya kuliko kuukuu. Tangu mwaka 2018 China iliacha kupokea plastiki chakavu za nchi nyingine, na bei zikaanguka mahali pengi duniani. Mama aliyepeleka kiroba kile kile, chenye chupa zile zile, alipewa fedha pungufu, naye hakuelezwa kitu ila kwamba bei imeshuka.

Hatusemi ya kuwa kazi hii ni njema kama ilivyo. Watu huokota kwa mikono mitupu penye vigae vya chupa na sindano. Wengine huchoma nyaya wapate shaba, wakavuta moshi ulio sumu. Madampo makubwa ni ya hatari zaidi. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Na Machi 2017 lundo la Koshe katika Addis Ababa lilikuwa limeua watu zaidi ya 100, wengi wao waliokuwa wakikaa papo hapo pembeni. Miji yetu bado ni midogo, na huu ndio wakati wa kutengeneza mambo, kabla hatujawa na mlima kama wa Dandora au wa Pugu Kinyamwezi. Tena mtoto wa shule asionekane dampo saa za masomo. Mwalimu akimwona asimpige. Aende nyumbani aone kuna nini chunguni.

Mahali pengine watu wamekwisha kulijaribu jambo hili, kwa hekima na kwa upumbavu. Katika mji wa Cairo, nchi ya Misri, wako watu waitwao Zabbaleen, wengi wao Wakristo wa Kikopti, ambao tangu katikati ya karne iliyopita walizunguka nyumba kwa nyumba wakichukua taka. Mabaki ya chakula waliwapa nguruwe, na vitu vingine walivichagua kwa mikono wakavirudisha viwandani, hata ikasemwa hakuna mji uliotumia taka zake vizuri kama ule. Mwaka 2003 wakuu wa mji wakawapa kazi makampuni ya kigeni yenye magari makubwa, nayo makampuni hayakuweza kuingia vichochoroni. Mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, Serikali iliamuru nguruwe wote wauawe. Mabaki ya chakula yakakosa mlaji, yakarundikana njiani yakinuka. Ndipo watu wa Cairo walipojua ni nani aliyekuwa akiwafagilia.

Wengine walitangulia kuona. Brazil iliwaandika waokotaji katika orodha ya kazi zinazotambuliwa na Serikali mwaka 2002. Katika mji wa Pune, nchi ya India, waokotaji walijiunga wakawa na ushirika wao, na mwaka 2008 ushirika huo ukapewa na mji kazi ya kuchukua taka mlangoni, na kila nyumba ikawalipa ada. Na hapa Afrika ya Mashariki, mataifa yalipokutana Nairobi Machi 2022 kukubaliana kuanza mazungumzo ya mapatano juu ya plastiki, waliwataja watu hawa na mchango wao katika azimio lao. Si jambo dogo, ijapokuwa azimio halinunui kiatu. Shirika la Kazi Duniani lakadiria kuwa wako kati ya milioni 15 na 20 ulimwenguni. Na uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa katika plastiki yote ikusanywayo ili irudi viwandani, kama sehemu 60 katika 100 hupita mikononi mwao. Kwa hiyo mnapomwona yule wa Korogwe akiinama, msidhani yuko peke yake.

Nchi yetu nayo ina milango ambayo haijabishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mzigo wa taka juu ya serikali za mitaa. Halmashauri ikitaka, yaweza kuupa kazi ushirika wa waokotaji kama iwezavyo kuipa kampuni. Tena halmashauri zimeagizwa kutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana, 2 vya watu wenye ulemavu. Waokotaji wengi ni wanawake na vijana. Mbona hawaipati? Kwanza kwa sababu hawajajiunga, kila mmoja na kiroba chake, kila mmoja na mnunuzi wake. Pili kwa sababu kikundi huhitaji katiba, na mihtasari, na barua, na akaunti ya benki, na yule ajuaye sumaku na shaba hajui kuandika muhtasari. Lakini walimu mnajua! Na makatekista tunajua, maana tumeandika mihtasari ya vikao maisha yetu yote, mingi haina faida kama huo mmoja utakavyokuwa nayo. Watu kumi wakijiunga waweza kukodi gari, kununua mzani wao wenyewe, kuweka mzigo ghalani mpaka bei ipande, na kusafirisha mpaka Tanga au Dar es Salaam bila kupitia mikono mitatu. Kama parokia yaweza kutoa chumba kisichotumika, chenye kufuli na paa lisilovuja, basi hiyo ndiyo ghala.

Yabaki mambo ya nyumbani na ya shuleni, nayo ni mepesi, twayasema upesi. Shimo la taka la shule lisiwashwe moto pamoja na plastiki. Moshi ule huingia madarasani, na mali ya mtu hugeuka majivu. Yaliyotoka jikoni yawekwe mbali: maganda, majani na mabaki yaende shimoni yawe mbolea, kama mababu walivyoyatupa katika jaa na maboga yakaota juu yake. Makavu yawekwe katika gunia kavu, maana chupa iliyochanganyika na ugali uliochacha hupunguziwa bei, na mwokotaji hupoteza nusu siku akiiosha kwa maji ambayo katika Handeni hayapatikani. Kioo kilichovunjika kifungwe katika boksi, na boksi litiwe alama. Sindano na vitu vya zahanati visiingie katika gunia lile kabisa; zahanati ina njia yake. Betri nazo zitengwe.

Kisha mwulizeni hupita siku gani. Wengi wana siku zao, kama muuza maziwa. Watoto wa shule wamwamkie shikamoo kama wamwamkiavyo mtu mzima mwingine yeyote, na gunia liwe limekwisha kufungwa, limewekwa nje ya uzio mahali penye kivuli, asije akalazimika kuingia mwenyewe na kufukuzwa na mlinzi.